Vyungu Arobaini na Kimoja

Kimya alipoiona ile picha kwa mara ya kwanza, alicheka.

Hakuwa mtu wa kucheka peke yake. Hata hilo jina la Kimya alibandikwa na wenzake wa maabara wiki yake ya kwanza ya kazi, walipogundua kwamba angeweza kukaa kutwa nzima bila kusema zaidi ya "shikamoo" na "naomba kupita." Lakini picha ile ilikuwa kichekesho. Safu arobaini na nane za mistari inayong'aa, safu moja kwa kila mmea aliopima, na arobaini na moja kati ya hizo zilifanana kama watoto waliovalishwa sare.

"Fundi," aliita. "Njoo uone mtu alivyolala kazini."

Fundi wa mashine, bwana mwenye kitambi na maneno mengi, alikuja akijifuta mikono kwenye koti lake jeupe ambalo weupe wake ulikuwa wa kukisia tu. Aliinama mbele ya kompyuta, akakunja uso.

"Nani kalala?"

"Mimi."

"Dada, hapa umepima kiazi kimoja mara arobaini na moja. Ulikuwa unakitafutia mchumba?"

Kimya alicheka tena, safari hii kwa aibu. Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Unachuma jani changa la kiazi mwitu, unalisaga, unatoa vinasaba vyake, yale maandishi madogo ambayo kila mmea huyarithi kwa wazazi wake. Kisha unasoma mahali kumi na mbili palipochaguliwa, alama kumi na mbili zinazojulikana kubadilika kati ya mmea na mmea. Unazinakili kwa mashine, unazitandaza kwenye jeli, kipande laini kama uji ulioganda, na chini ya taa ya zambarau kila alama inatoa mistari yake: mmoja juu, mmoja chini, miwili iliyobanana. Mimea miwili iliyotoka milima tofauti haiwezi kulingana katika alama zote kumi na mbili, kama vile watu wawili wasiojuana hawawezi kuwa na makovu kumi na mawili yaleyale mahali palepale.

Na hii mimea ilitoka milima tofauti. Hilo lilijulikana na kila mtu pale kituoni. Miaka mingi kabla Kimya hajazaliwa, mtafiti mmoja ambaye wazee walimwita Bwana Mabonde alizunguka mteremko baada ya mteremko akichimbua kiazi mwitu cha aina moja, chenye viazi vidogo kama gololi na vichungu kama shubiri. Alichukua mmea mmoja katika kila mteremko. Vyungu arobaini na vinane. Kwa macho vilifanana vyote, majani yaleyale, vinyweleo vilevile, na thamani yao ilikuwa ndani, katika kile kisichoonekana. Huyu alistahimili baridi, yule alistahimili ukungu unaoozesha mashamba kwa wiki moja. Bwana Mabonde alikwisha fariki, na miteremko yake siku hizi ilikuwa machimbo ya kokoto na mashamba. Vilivyobaki duniani ni hivyo vyungu.

"Nimechafua sampuli," alisema Kimya. "Tone moja limegusa zote. Narudia."

"Rudia, lakini uwahi. Ijumaa ndiyo ile." Fundi alimkonyeza. "Na Mkuu wako anataka picha kubwa kama mlango."

Ijumaa ilikuwa sherehe ya kumuaga mtunza nyumba ya vioo, aliyekuwa anastaafu baada ya miaka ishirini na sita. Mkuu wa kituo aliamua kwamba zawadi bora kwa mama yule ni kuonyesha, kwa mara ya kwanza, utajiri aliokuwa ameutunza: picha ya vinasaba vya vyungu vyote arobaini na vinane, itundikwe ukumbini mbele ya wageni. Kazi hiyo alipewa Kimya kwa sababu mbili. Ya kwanza, mkono wake ulikuwa mwepesi. Ya pili, mtunza nyumba ya vioo alikuwa mama yake mkubwa, dada wa tumbo moja wa marehemu mama yake, aliyemchukua akiwa darasa la pili na mkoba wenye magauni mawili, akamlea mpaka chuo.

Basi mchana ule alishuka tena kwenye nyumba ya vioo na vifuko vyake vya kuchumia majani.

"Umerudi?" Mama Mkubwa hakugeuka. Alikuwa amechuchumaa, anang'oa kigugu kwa kucha. "Majani ya jana umeyala?"

"Nimeharibu, Mama. Narudia."

"Haya. Chuma taratibu, usiwatonese. Huyo wa ishirini ndiyo kwanza amerudi."

"Amerudi kutoka wapi?"

"Kwa wafu!" Mama Mkubwa alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Wiki sita, udongo mtupu. Yule bwana wa takwimu akaja na kalamu yake anataka kuandika 'kimekufa'. Nikamwambia, toka hapa na uchuro wako. Nikamwagilia, nikamsemesha. Jumamosi hiyo, chipukizi!"

Ndiyo maana kituoni walimwita Mfufuaji. Walimwita hivyo mbele yake, na alifurahi. Hakuna chungu kilichowahi kufa mkononi mwake. Vilikauka, vilinyauka, vilipotea kabisa, lakini mwisho vilirudi. Vilikaa safu kwa safu, vimezikwa nusu kwenye kitanda kirefu cha mchanga mbichi, na kitanda hicho kilikuwa ubunifu wake mwenyewe. Miaka kumi na mmoja nyuma, mwaka ambao bomba lilitoa hewa tupu kwa miezi, alivitoa vyungu kwenye matofali akavitumbukiza mchangani vipate ubaridi. Vilipona vyote. Picha yake ilitoka kwenye jarida la kituo, na mpaka leo aliihifadhi sebuleni kwenye fremu.

Ni vyungu saba tu vilivyokaa kando, juu ya rafu ya saruji karibu na mlango. Vilikuwa dhaifu, majani yamekunjamana, na mchanga mbichi uliviozesha. Mama Mkubwa aliiita rafu ile Wodini. Wageni walipokuja aliishushia pazia la gunia.

Kimya alichuma majani yote, jani moja kwa kila chungu, akibadilisha glavu kila mara. Alipomaliza, Mama Mkubwa alimshika mkono.

"Hebu niambie ukweli. Gauni langu, shingo si imekaa wazi mno? Mshonaji ananiambia eti ndiyo inavyotakiwa. Mimi ni mtu wa kuonyesha mifupa?"

"Imekupendeza, Mama."

"Wewe hata ningevaa gunia ungesema nimependeza."

Jumanne nzima Kimya alifanya kazi kama mtu anayebeba mayai. Kila tone alilitazama. Kila kichupa alikifunika kabla hajagusa kingine. Na ili kuikamata mashine kama ndiyo inayosema uongo, aliongeza safu ya arobaini na tisa: jani la kiazi cha kawaida kilichochipua kwenye kapu la jikoni kwao. Kama safu zote zingefanana tena, na hicho cha jikoni nacho kikafanana, basi tatizo lilikuwa mashine.

Jumatano asubuhi aliwasha taa ya zambarau.

Kiazi cha jikoni kilitoa mistari ya kwake, tofauti kabisa, kama mgeni aliyeingia na viatu vyake. Saba za vyungu zilikuwa tofauti, kila moja na sura yake. Arobaini na moja zilifanana. Alama ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi na mbili. Mstari kwa mstari.

Safari hii Kimya hakucheka. Aliweka rula juu ya kioo cha kompyuta, akaishusha polepole kutoka alama hadi alama, akitafuta hata mstari mmoja uliopinda. Hakuuona. Alijikuta ameketi bila kukumbuka kuvuta kiti.

Fundi alipita na kikombe chake. Alitazama, akatazama tena, akakiweka kikombe chini.

"Si uchafu, eti?"

Kimya alitikisa kichwa.

"Kwa hiyo hawa..."

"Ni mmoja." Sauti ilimtoka kama si yake. "Ni mmea mmoja, Fundi. Katika vyungu arobaini na kimoja."

"Na wengine wako wapi?"

Swali lilikuwa jepesi. Kimya alivuta karatasi yenye mpango wa nyumba ya vioo, akaanza kuweka alama nyekundu kwa kila chungu cha wale wanaofanana. Kalamu ilikwenda safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kuruka hata kimoja, mpaka mwisho wa kitanda cha mchanga. Vile saba vilivyo tofauti havikuwa vimetawanyika. Vyote vilikuwa juu ya rafu ya saruji. Wodini.

Alikaa akiitazama karatasi ile mpaka Fundi alipomgusa bega. Kiazi mwitu, tofauti na cha shambani, kina tabia ya kutembea. Kutoka kwenye shina lake, chini ya udongo, hutoa nyuzi nyeupe zinazotambaa mbali, na ncha ya kila uzi huvimba na kuwa kiazi kidogo. Chuoni waliambiwa uzi mmoja unaweza kwenda zaidi ya mita moja. Na kila chungu kina tundu chini, la kutolea maji.

"Ee Mungu wangu," alisema Kimya. "Mchanga."

Hakukimbia. Alimkuta Mama Mkubwa anamwagilia, anaimba kwa pua, khanga imefungwa kiunoni. Kimya alimwamkia, kisha akasimama. Maneno aliyoyapanga njiani yalikuwa yamemtoroka yote.

"Una nini? Umeona jini?"

"Mama, mimea yako... Picha imetoka. Wa mchangani wote ni mmoja."

"Mmoja vipi?"

"Mmoja. Mtu mmoja. Wote arobaini na mmoja."

Mama Mkubwa aliweka ndoo chini. Alimtazama kama mtu anayesubiri mzaha uishe. "Rudia."

"Nimerudia, Mama. Nimepima mara mbili."

"Basi mashine yenu mbovu."

"Nimeipima kwa kiazi cha jikoni kwetu. Ni nzima."

"Basi kuna mtu kaiba!" Sauti ya Mama Mkubwa ilipanda. "Kaingia humu, kachukua wanangu, kaniwekea takataka! Nani? Yule wa takwimu? Funguo ninazo mimi tu, nalala nazo!"

"Hakuna mwizi." Kimya aligusa mchanga. "Mama, vyungu hivi, unavitoa mchangani mara ngapi?"

"Sivitoi. Ukikitoa unakata mizizi."

"Na kila mwaka, majani yakikauka, viazi vyake huvimwagi nje? Kuvichambua na kupanda upya?"

Mama Mkubwa alijifuta mikono kwenye khanga, taratibu.

"Kitabu kinasema hivyo," alisema Mama Mkubwa. "Toa, chambua, panda upya. Nilifanya miaka yote ya mwanzo. Vinavyofanana na punje vile, nusu vinakauka mkononi kabla hujavirudisha. Nikaona namna gani hii, kuwasumbua waliolala? Nikaacha. Nawaongezea udongo juu, basi. Na tangu niwaache, amekufa nani? Nionyeshe. Amekufa nani?"

Kimya alipiga magoti kwenye ukingo wa kitanda. "Naomba tukitoe kimoja tu."

"Haya, kitoe. Na utamwomba radhi baadaye." Mama Mkubwa alimsukuma kando kwa kiwiko. "Tena tutoe wa kumi na nne, yule asiyeshikwa na ukungu, wanayemsubiri wazalishaji wa mbegu. Uone mizizi yake ilivyo misafi."

Alishika chungu cha kumi na nne kwa mikono miwili, akavuta. Hakikutoka. Alivuta tena, na kutoka chini ya mchanga ikasikika sauti ndogo, kama nguo kuukuu inayochanika uzi baada ya uzi. Chungu kiliinuka. Kwenye tundu lake ulining'inia mkufu mzima wa nyuzi nyeupe, nene kama kamba za viatu.

Mama Mkubwa alizitazama. Akaingiza vidole mchangani, pale palipokuwa na shimo, akaukamata uzi mmoja, akaufuata. Mchanga ulifunguka mbele ya kidole chake. Uzi ulikwenda hadi chungu cha kumi na tano, ukaingia tunduni. Akashika mwingine. Ukaenda cha tisa. Mwingine ukapita chini ya cha tisa bila kusimama, ukakata hadi safu ya pili. Alianza kufukua kwa viganja vyote viwili, haraka, mchanga ukiruka hadi usoni kwake, na kila alipofukua mlikuwa mweupe. Chini ya kitanda chote palikuwa na wavu mmoja.

"Mama," alisema Kimya. "Mama, basi."

Hakusikia. Alikigeuza chungu cha kumi na nne, akakipiga kitako, udongo ukatoka mzima kama andazi. Akaumega katikati. Nyuzi hai zilikuwa zimepanda kutoka chini, zimejaa, na kwenye ncha zao viazi vidogo vya mwaka huu vilimeta. Lakini kitovuni kabisa, pale mmea wa kwanza ulipopandwa, palikuwa na vitu vitatu vyeusi. Mama Mkubwa alikichukua kimoja. Kilikuwa ganda tupu, jepesi kama bawa la mdudu. Kilivunjika kati ya vidole vyake.

"Huyu ndiye," alisema.

Alikaa juu ya ndoo iliyokuwa na maji, maji yakamwagika, wala hakujali.

"Huyu ndiye wa kumi na nne. Amekufa hapa siku nyingi. Na mimi nilikuwa nakuja kila asubuhi. Siku ishirini, siku thelathini, namwambia amka, amka, kumekucha." Alimtazama Kimya, macho yamemtoka pima. "Nani aliyekuwa akiniitikia?"

Kimya hakuweza kusema ni jirani. Lakini Mama Mkubwa alikwisha jua, kwa sababu alifunika uso kwa mikono ya mchanga, na sauti iliyomtoka haikuwa kilio. Ilikuwa kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Siku ile yote na kesho yake Mama Mkubwa hakusema neno. Nyumbani alipika, akapakua, akala kidogo, akaosha vyombo. Ile picha ya jarida ilitoka sebuleni, ukuta ukabaki na mraba mweupe. Gauni jipya lilining'inia mlangoni, na kila walipopishana karibu nalo Kimya aliinamisha macho. Angeweza kuvumilia kutukanwa. Alichoogopa ni kwamba mtu pekee aliyebaki naye duniani hatamtazama tena kama zamani, na asingekuwa na haki ya kumlaumu.

Alhamisi Fundi alimvuta pembeni.

"Sikiliza. Ninazo picha za viazi vya yule mwanafunzi wa mwaka juzi. Nzuri, kila safu na rangi yake. Tunachapa hiyo, tunaitundika. Wageni wanakuja kula keki, nani atasoma mistari? Mama apewe saa yake ya ukutani, aende kwa heshima. Jumatatu unamwambia Mkuu polepole."

"Na Jumatatu Mkuu akiwa amekwisha kutangaza?" aliuliza Kimya.

"Kutangaza nini?"

"Wazalishaji wa mbegu wanakuja kesho. Anawapa wa kumi na nne mbele ya watu."

Fundi alijikuna kidevu. "Hapo sasa umenikamata."

Ijumaa saa nne ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki, maua ya karatasi, meza yenye keki iliyofunikwa chandarua. Mama Mkubwa alikaa mbele katika gauni lake, mgongo umenyooka kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kimya alisimama ukutani na karatasi iliyokunjwa kwapani, ndefu kama mkeka. Ilikuwa picha ya kweli. Alikuwa ameichapa asubuhi, akiwa peke yake, na mpaka dakika ile hakuwa na uhakika kama atathubutu kuifungua.

Mkuu alizungumza vizuri. Alisema miaka ishirini na sita si mchezo. Alisema vituo vingine vimepoteza nusu ya makusanyo yao, "lakini hapa, ndugu zangu, kwa mkono wa mama huyu, hakuna hata chungu kimoja kilichokufa!" Watu walipiga makofi, mtu mmoja akapiga kelele, "Mfufuaji oyee!" Mama Mkubwa hakupepesa jicho. Kila sifa ilimwangukia kama kilemba cha ukoka, na alikivaa bila kukigusa.

"Na sasa binti yake mwenyewe atatuonyesha utajiri huo. Karibu, mwanangu."

Kimya alitembea. Fundi alimsaidia kupandisha karatasi, wakaibandika juu, ikajifungua yenyewe hadi sakafuni kwa mlio.

Wageni walipiga makofi.

Hilo ndilo lililomshtua kuliko yote. Walitazama safu arobaini na moja zinazofanana, zilizonyooka, zinazong'aa, na waliziona nzuri. "Tazama zilivyopangika!" alisema mama mmoja wa safu ya mbele. Makofi yaliongezeka. Katika ukumbi mzima mtu mmoja tu hakupiga: Mkuu, aliyekuwa ameisogelea karatasi hatua moja, kisha nyingine, viganja vyake vimesimama hewani.

"Hii ni nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Kimya alimtafuta Mama Mkubwa kwa macho. Mama Mkubwa alikuwa anamtazama yeye, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Hakutabasamu, wala hakutikisa kichwa. Alikuwa anangoja tu, kama alivyongoja zamani Kimya mdogo amalize kusoma mstari wa kitabu bila kumsaidia neno.

"Zinafanana," alisema Kimya, "kwa sababu ni mmea mmoja."

"Sema kwa nguvu!" mtu alidai kutoka nyuma.

"Ni mmea mmoja!" Sauti iligonga dari, akaiogopa mwenyewe. "Vyungu arobaini na kimoja, mmea mmoja. Wengine arobaini wamekufa. Huyu aliingia kwenye vyungu vyao kupitia chini. Wamebaki saba, wale wa rafuni, na huyo mmoja. Na hatujui katika vyungu vyote hivyo kipi ndicho chake."

Mtu aliyekuwa ameshika kijiko alikiachia, kikalia sakafuni.

"Wa kumi na nne?" Mzalishaji wa mbegu, bwana mrefu aliyevaa tai, alikuwa amesimama. "Wa kumi na nne yupo?"

"Hayupo."

"Haiwezekani. Tumemsubiri misimu mitatu!"

"Wamekufa lini?" Rangi ilikuwa imemtoka Mkuu. "Nani amewaua? Nani, na mimi nisijue?"

"Mimi," alisema Mama Mkubwa.

Alisimama, akalivuta gauni shingoni likae sawa.

"Hakuna mtu mwingine. Kitabu kilisema nivitoe kila mwaka, mimi nikavihurumia nikaviacha. Nikaviweka mchangani, mkanipiga picha. Vilipokufa sikuviona vikifa, kwa sababu kilichoota badala yake nilikipenda. Miaka kumi na mmoja mmekuwa mkinisifu kwa kumwagilia makaburi." Alimwonyesha Kimya kwa kidole. "Huyu mtoto alijua tangu Jumatano, na angeweza kuwaficha. Amewaambia. Msimguse."

Mkuu aliishika ile saa ya ukutani ndani ya karatasi yake ya zawadi, hajui aiweke wapi, mwisho akaiweka juu ya chandarua cha keki. Mama Mkubwa alichukua mkoba wake, akapita katikati ya viti, akatoka nje. Viatu vyake vipya vilisikika kwenye veranda, kisha kwenye kokoto.

Kimya alimkuta kwenye nyumba ya vioo. Alikuwa amevua viatu, gauni amelipandisha akalifunga kiunoni kwa khanga ya kazi, na alikuwa magotini kwenye kitanda cha mchanga na kisu cha kupogolea. Alikata nyuzi chini ya chungu, akakiinua, akakiweka juu ya tofali. Akakata, akainua, akaweka. Pazia la gunia la Wodini lilikuwa limeng'olewa, na vyungu vile saba vyenye majani yaliyokunjamana vilikaa wazi kwenye mwanga.

"Mama."

"Wale saba kesho wapelekwe maabara. Mchukue vichipukizi, mvizidishe kwenye chupa. Msiwaache na mtu mmoja tena, hata angekuwa mimi."

"Ndiyo, Mama."

"Na daftari la vyungu liko hapo kwenye ndoano. Lete."

Kimya alilitoa. Lilikuwa zito, kurasa zimevimba kwa unyevu, na kila ukurasa ulikuwa na mwandiko mzuri wa Bwana Mabonde: namba, mteremko, urefu wa mlima, siku aliyochimbua. Chini yake, mwaka baada ya mwaka, mwandiko wa Mama Mkubwa: *Yupo. Yupo. Amerudi. Yupo.*

"Anza na wa kwanza. Hatujui aliyebaki ni yupi, basi wote andika: hayupo."

Kimya alikaa juu ya tofali, akaweka daftari magotini. Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Machozi yalikuwa yamemjaa, akashindwa kuona mstari.

"Kama unalia, lia, lakini usilowanishe karatasi," alisema Mama Mkubwa, mgongo wake ukiwa bado umemwelekea. "Umeandika?"

"Bado."

"Alitoka wapi, huyo wa kwanza? Nisomee."

Kimya alisoma jina la mteremko. Mama Mkubwa aliacha kukata. Alilirudia lile jina kwa sauti ndogo mara moja, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura, kisha akatikisa kichwa.

"Andika, mwanangu."

Aliandika. Nyuma yao mlango ulifunguka, na Mkuu akaingia na Fundi, wote wawili wamekunja mikono ya mashati. Mkuu alisimama akitazama ule wavu mweupe uliofukuliwa. Kisha akachuchumaa upande wa pili wa kitanda, akashika chungu cha mwisho wa safu, akavuta, na ile sauti ya nyuzi kukatika ikasikika tena.

"Wa pili," alisema Mama Mkubwa.